Juzuu ya Tatu

Masika yote mzee Twalibu alikaa nyumbani kwake Bigwa akingoja watu waje kukomboa kitabu. Kitabu kilikuwa mezani, kimefungwa kitambaa cheupe, na kila pikipiki iliposimama nje ya ua wa michongoma mzee aliinuka, akaiweka kofia yake sawa, akachungulia. Pikipiki zilikuwa za kwa jirani. Jirani ana mabinti wanne, na kwake wageni hawakauki.

Twalibu alikuwa mwalimu wa Kiingereza mpaka alipostaafu, na maisha yake yote aliishi na ugonjwa ambao hospitali za Morogoro hazijaupatia dawa. Alikusanya riwaya za zamani za Waingereza. Wala si riwaya yoyote ile. Alitaka toleo la kwanza, lililojalidiwa kwa ngozi, lenye maandishi ya dhahabu mgongoni. Kitabu kilichochapwa mara ya pili alikirudisha kwa muuzaji huku amekunja uso, kana kwamba kimemtukania mama. Alivipata kwa mapadre waliokuwa wanarudi kwao, kwa mabwana wa mkonge waliokuwa wanauza vyombo vya nyumbani, na kwa wauza karanga, kama aliwahi kufika kabla kurasa hazijachanwa za kufungia. Alivipangia kabati la chuma lenye miguu iliyosimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa, maana mchwa wa Bigwa hawana adabu. Marehemu mkewe, Mwanvita, alimvumilia. Binti yake Yasmin, aliyeko Dar es Salaam, humpigia simu siku ya Idi, akamuuliza hali, kisha akamuuliza ataviuza lini.

Dunia nzima mwenye ugonjwa kama wake alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye aliyekufa.

Huyo alikuwa Gabrieli, karani mstaafu wa misheni, mkulima wa kabichi na njegere huko juu Mgeta, mtu asiyeoa wala kujuta. Zaidi ya urafiki wa vitabu, Gabrieli na Twalibu walikuwa watani. Koo zao, zote za Kiluguru, zimezikana tangu enzi za mababu. Mmoja wao akifa, watani ndio wanaochimba kaburi. Mtani ndiye anayeingia msibani kwa kelele na kumsema marehemu mpaka wafiwa wacheke na kamasi puani. Tena ana ruhusa ya kunyakua kitu cha marehemu na kukimbia nacho, akatae kukitoa mpaka wenye msiba wamkomboe kwa kuku. Jambo moja tu hana ruhusa nalo, nalo ni kulia. Akilia mtani, msiba umekosa mwenyewe.

Kati ya vitabu vyote vya wazee hawa wawili, kilichowatoa usingizi kilikuwa riwaya moja ya juzuu tatu, ngozi ya kijani, toleo la kwanza, kurasa zake nene kama kitambaa. Waliinunua kwa kuchangiana miaka ya themanini, kwa mjane wa meneja wa shamba la mkonge upande wa Kimamba, wakati watu wazima walikuwa wanapanga foleni ya sabuni. Waliokutana nao njiani, kila mmoja amekumbatia vitabu vya Kizungu badala ya mche wa sabuni, waliwaonea huruma. Juzuu zote tatu zilikwenda kukaa Mgeta kwa Gabrieli. Yeye alizipandisha kwenye kichanja juu ya mafiga, pale yanapokaushiwa mahindi ya mbegu, ili moshi uzilinde. Twalibu alilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba kitabu cha heshima kinanuka kama samaki mkavu. Lakini hakuna mdudu aliyewahi kukionja.

Kila kiangazi Twalibu alipanda mlima kwenda kukaa siku chache. Waliishusha riwaya, wakaisoma kwa zamu kando ya moto, Gabrieli akisoma kila sentensi kwa sauti ya kuitikia misa, Twalibu akimsahihisha matamshi, Gabrieli akimwambia hapa si darasani, bwana. Wakifika mwisho wa juzuu ya tatu walianza kugombana kama yule bibi wa kwenye hadithi alifanya vizuri kuolewa. Ugomvi huo haukuisha kwa karibu miaka arobaini. Twalibu hakuwa na mwingine wa kugombana naye, na hakumhitaji.

Siku ya mazishi alifika na vijana wa ukoo wake, akaingia ndani kama inavyotakiwa. "Huyu anajidai amekufa!" akapaza sauti. "Amekufa makusudi ili asinirudishie mwavuli wangu!" Wanawake wakacheka ndani ya kilio. Alipoona wamecheka akapata nguvu, akapanda kigoda, akatia mkono kwenye kichanja na kunyakua juzuu ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. "Hiki nimechukua! Sikitoi mpaka mnikomboe!" Akatoka nacho mbio za kizee, watu wakimpigia vigelegele.

Akatokea mlango wa nyuma. Alinusa kile kitabu, moshi uleule, na machozi yakaanza kumjaa. Aibu ikamshika. Badala ya kuzunguka uani na kuendelea na vituko, akakitia kitabu mkobani, akakata njia ya migombani na kuingia kaburini kuchimba. Alichimba kichwa chini mpaka jasho na machozi vikawa kitu kimoja. Walipoleta jeneza lilikuwa limekwisha kufungwa misumari. Wakazika. Mawingu yakawa yameshuka mpaka mabegani mwa watu, na dereva wa gari la Noah akapiga honi kwamba barabara ikilowa hatashuka tena siku hiyo. Twalibu akapanda, akaondoka. Alipofika Bigwa ndipo alipofungua mkoba na kukikuta kitabu.

Alicheka peke yake. Watakuja, alisema. Mtani hajipeleki kukombolewa, hufuatwa kwake.

Basi akangoja. Alinunua vikombe vipya, maana vya zamani vilibaki viwili na kimoja hakina mkono. Alinunua sukari. Alipanga maneno ya kusema. Wakifika na kuku wao angekataa kwanza, aseme kuku huyo amekonda kama mwenye msiba, wabishane, wacheke. Halafu, wakishakunywa chai, angewaambia kwa utaratibu waziteremshe na zile juzuu mbili, azihifadhi zote tatu kwenye kabati lake, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuzisoma. Hicho ndicho alichokitaka kuliko kitu chochote kilichobaki duniani, riwaya iwe nzima mahali pamoja, na yeye awe na sababu ya kuifungua.

Hawakuja. Baada ya wiki kadhaa Frank, mpwa wa marehemu, alituma ujumbe wa simu: "Shikamoo mzee. Tanga tunaondoa Jumamosi, karibu." Twalibu alitafuta habari za kitabu kwenye ujumbe ule, juu na chini, hakuziona. Wala kuku hakutajwa. Akasusa. Jumamosi ilipofika alikaa nyumbani amevaa kanzu yake ya kutokea, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza mbona hakufika. Mtu unaposusa halafu usione hata mmoja aliyegundua umesusa, hiyo nayo ni adhabu yake.

Kipupwe kilipoingia alishindwa. Alikifunga kitabu kwenye kitambaa chake, akapanda gari la asubuhi, akashukia sokoni Mgeta na kukwea mguu kwa mguu kati ya matuta ya kabichi, akipumzika kila penye jiwe. Njiani aliamua kumeza kiburi chake chote. Angeirudisha juzuu ya tatu yeye mwenyewe, aipange na wenzake, kisha aombe.

Paskalia, dada yake Gabrieli, alikuwa uani anamenya njegere. Alimwona kwa mbali.

"Mwizi wetu huyo!" akaita. "Frank, funga mlango, mwizi amerudi kumalizia!"

"Nimerudi kuwadai," Twalibu akajibu, na moyo wake ukapata joto kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Mmenikalia na kuku wangu mpaka ametaga na kuangua!"

"Kuku wako ninaye mimi. Nilisimama naye mlangoni siku ile, nimembana kwapani, nakungoja uzunguke uje kudai. Hukuja. Nikasema, ah, huyu mtani kumbe amekitwaa kweli."

Twalibu alikaa kwenye kigogo. Frank akatoka ndani, mtu wa makamo mwenye mikono ya udongo, akampa shikamoo na kikombe cha uji. Mzee hakunywa. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa jiko, yakitafuta kichanja. Aliona mahindi ya mbegu yamening'inia kwa maganda yake, na pembeni yake pakavu, patupu.

"Zile mbili ziko wapi?" akauliza.

Paskalia na Frank wakatazamana.

"Tulimwekea," Paskalia akasema.

"Mlimwekea nani?"

"Mwenyewe. Wakati ninyi mnachimba. Kimoja huku kichwani, kimoja huku." Akaonyesha masikio yake, kulia na kushoto. "Cha tatu tulisema tumwekee kifuani, na rozari juu yake. Tukakungoja. Padre akasema muda, fundi akapiga misumari."

Twalibu alielewa maneno yote, moja moja, na bado alihisi hajaelewa. Ndiye aliyeuchimba ule mchanga. Ndiye aliyetupia koleo la kwanza. Alikuwa amezifukia kwa mkono wake mwenyewe, huku ya tatu iko mkobani kwake, hatua chache tu kutoka kaburini.

"Mnajua vile vilikuwa vitabu gani?" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka, ile sauti ya darasani. "Mnajua toleo la kwanza ni nini? Nchi nzima hii mngetafuta msipate vingine! Vimekaa karibu miaka mia mbili, vimevuka bahari, vimeokoka na mchwa, vimeokoka na nyinyi na moshi wenu, halafu mnaviweka kwenye udongo wa Mgeta! Udongo huu, unaoozesha mpaka mawe!"

"Tulijua ni vya nani," Paskalia akasema.

Hakusema kwa ukali. Aliendelea kumenya njegere, akazungumza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Walikaa kikao usiku wa msiba, alisema. Mali ya kaka yake ilikuwa ije kwao, watoto wa upande wa mama, kama ilivyo mila. Wakataka kugawana vitabu, kimoja kwake, kimoja kwa Frank, kimoja kwa mdogo wao aliyeko Kilosa. Frank akasema, mama, mjomba alikuwa akikuta hivi vitabu vimeachanishwa hata meza mbili tofauti anagomba. Wakaona basi wasivigawe. Wakaona pia kwamba hapo ndani hakuna anayejua kuvisoma. Ndiyo maana wakampa mwenyewe.

Kwa mara ya kwanza Twalibu alifikiria jinsi Gabrieli alivyolala kule chini, na mwanzo wa hadithi sikio moja na katikati yake sikio la pili.

"Umekuja nacho?" Paskalia akauliza.

Alikifungua kitambaa. Ngozi ya kijani ikang'aa kwenye jua la kipupwe. Paskalia akajifuta mikono, akajishikiza ukutani akainuka, akaingia bandani polepole, na aliporudi alikuwa na tetea mwekundu, mnene, miguu imefungwa kamba.

"Mtani, nakukomboa. Huyu hapa."

Ndipo Twalibu alipouona mtego, na aliyeutega ni yeye. Mtani akiletewa ukombozi hakatai. Akikataa anakuwa mwizi kweli, yeye na ukoo wake, na utani umekufa hapo. Lakini akipokea, ataitoa juzuu ya tatu, na alijua inakokwenda.

"Mtaifanyia nini?"

"Tutamfikishia. Kaburi hatufukui, Mungu atuepushe. Tutachimba kashimo ubavuni."

"Kuku mdogo huyo," akasema haraka.

"Haya." Paskalia akageuka. "Frank, mlete jogoo."

Frank akamleta jogoo. Twalibu akamtazama, akasema jogoo huyo ana jicho baya. Wakamwongezea tetea wa pili. Akasema kwao Bigwa kitabu cha ngozi hukombolewa kwa mbuzi, jambo alilolitunga palepale. Alitegemea wacheke, au wakasirike, wamfukuze na kitabu chake aende zake. Paskalia akawaza kidogo, akamwambia mwanawe, "Mfungue yule jike mweusi," na Frank akaanza kushuka kuelekea zizini bila kuguna, na alikuwa na mbuzi wawili tu.

"Taja tu, mtani," Paskalia akasema. "Chochote utakachosema tutatoa. Tumechelewa kukukomboa, kosa ni letu."

"Frank!" Twalibu akaita. "Rudi. Nilikuwa natania. Nipeni huyo tetea mwekundu."

Alimpokea kuku, akamlaza miguuni pake. Kisha akafungua kitabu kwa mara ya mwisho, akapitisha kidole kwenye ukingo wa dhahabu, akakinusa. Moshi ulikuwa umekwisha. Kilinuka dawa ya nondo, harufu ya nyumbani kwake. Alimwomba Frank nailoni, ile ya ndani ya mfuko wa mbolea, isiyotoboka. Akakifunga mara tatu, akakunja pembe kwa ustadi wake wote, akakaza kwa mpira wa baiskeli, huku akijua kabisa kwamba masika mawili hayatapita kabla maji hayajapata njia.

Kaburi lilikuwa chini kidogo ya nyumba, na msalaba wa mbao uliokwisha pauka. Frank alikuja na jembe begani. Twalibu alimnyang'anya.

"Lete hapa. Tangu lini mfiwa akachimba?"

Alichimba mwenyewe, ubavuni, upande wa moyo. Udongo ulikuwa mwekundu na wa baridi. Pumzi ilimkatika, akasimama, akaendelea. Paskalia alishuka taratibu ameshikwa mkono na mwanawe, akakaa kwenye jiwe, akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Twalibu alipiga magoti, akakilaza kitabu, akarudishia udongo kwa viganja. Mabega ya Paskalia yakaanza kutikisika, na hapo Twalibu alikumbuka kwamba ni zamu yake. Mfiwa analia, mtani aseme neno.

"Haya Gabrieli," akasema. "Sasa huna kisingizio. Kisome mpaka mwisho, na matamshi uyaangalie, mimi sipo wa kukusa..."

Neno halikumalizika. Kilio kilimtoka pale pale alipopiga magoti, kilio kibaya cha mtu mzima asiye na mazoezi nacho, kofia ikaanguka, mikono yake ya udongo ikawa usoni. Alimlilia Gabrieli, akazililia zile jioni za kando ya moto, akajililia na yeye. Frank aligeuka akawa anazitazama kabichi. Hakuna aliyemcheka, na kutochekwa huko kulimwumiza zaidi, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kumcheka ndiye aliyekuwa chini yake.

Alipotulia aliokota kofia, akaikung'uta.

"Mtani," akamwambia Paskalia, "na mimi nikifa, nani atakuja kunicheka? Nilikuwa namtegemea huyu."

"Tutakuja, mzee," Frank akasema, kwa ile sauti wanayotumia watu kuwajibu wazee.

"Nitakuja mimi mwenyewe," Paskalia akasema. Alikuwa hatanii. "Nitashuka mpaka Bigwa. Nitanyakua hilo kabati lako zima, watakoma kunikomboa."

Akaweka viganja juu ya jiwe ili ainuke waende nyumbani. Hakuinuka. Akajaribu tena, akiuma meno, mpaka Frank alipopitisha mikono chini ya makwapa yake na kumnyanyua kama gunia. Akasimama pale akihema, ameshikilia msalaba, miguu inamtetemeka chini ya kanga. Yeye na Twalibu wakaitazama miguu ile, kisha wakaitazama njia yote inayoteremka mlimani.